Ukikaa, Unakisikia Kiti?

Nilikuwa kwa kinyozi, mashine ikinguruma kisogoni, niliposikia kwamba Dokta Elifasi amefariki. Habari ililetwa na mama muuza maziwa. Alisimama mlangoni na dumu lake akasema, "Dokta wetu ametutoka," na watu wote mle ndani wakaguna na kusikitika kama vile kila mmoja amefiwa na baba yake mzazi. Mimi nilichohisi ni hasira, na sioni haya kuiandika, maana nilipoanza kuandika habari hizi nilijiapiza kwamba sitajipaka mafuta. Tangu nikiwa kijana wa miaka ishirini na sita nilikuwa nangoja neno moja litoke kinywani mwa mtu yule. Sikutaka anilipe, wala anipigie magoti. Nilitaka aseme tu, "Emanueli, uliniambia, nami sikukusikiliza." Sasa amekwenda nalo. Kinyozi aliniuliza mbona natikisa kichwa, nikamwambia aendelee na kazi yake, nami nikaokota magongo yangu mawili baadaye na kurudi dukani kwangu, ninakouza vipuri, nikakaa nyuma ya kaunta mpaka jioni bila kuuza hata boliti.

Mwaka wenyewe watu wa Karatu wanaukumbuka kwa sababu nyingine. Lami ilikuwa mpya, imefika mpaka geti la Ngorongoro, na mji ulikuwa unavimba kila mwezi kama unga uliotiwa hamira. Gereji juu ya gereji, loji juu ya loji. Nilipanga chumba kimoja nyuma ya duka la pembejeo, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, dirisha lisilofunga vizuri, na ukungu wa Juni ukiingia asubuhi kama mpangaji mwenzangu. Chumba cha pili alikaa Tarimo, Mchaga wa Rombo, dereva kama mimi, mkubwa wangu kwa miaka sita na kwa maneno miaka sitini. Jiko la mkaa lilikuwa moja, sufuria moja, na makande yake hayakuwahi kuiva sawasawa, kwa sababu alikuwa hana subira na maharage. Paulina, mchumba wangu, aliyekuwa akipiga pasi mashuka kwenye loji moja barabara ya Rhotia, alikuwa akija Jumapili baada ya ibada, anaonja, anaitoa punje mdomoni na kumwambia, "Shemeji, hii bado ni mbegu, nenda kaipande." Tulicheka sana mwaka ule, mpaka katikati yake. Posa ilikuwa imekubaliwa kwao Buger, shangazi yake ameshapewa blanketi lake la posa, na harusi tulipanga ifuate mavuno ya ngano.

Nieleze jambo moja la kazi yetu, maana ndilo lililonimaliza. Dereva wa watalii hanywi maji. Ndiyo, anabeba katoni nzima kwa ajili ya wageni, anawahimiza wanywe, jua kali, vumbi kali, lakini yeye mwenyewe hanywi. Ukishateremka kreta huruhusiwi kutoka nje ya gari ila pale penye vyoo, na vyoo viko mbali na simba. Mgeni aliyelipa ili amwone faru hatakusamehe ukimwondoa kwa faru kwa sababu ya kibofu chako. Kwa hiyo tulijizoeza. Kikombe cha chai alfajiri, kisha kinywa kikavu mpaka jioni. Wazee wa kazi walijisifu nalo. Tarimo alikuwa akisema dereva ni ngamia mwenye leseni. Tulikuwa tukirudi na mkojo wa rangi ya chai ya rangi, kidogo tu, na hakuna aliyeshangaa. Kwetu mtu kutokojoa siku nzima haikuwa dalili ya ugonjwa. Ilikuwa dalili kwamba anaijua kazi.

Na mgongo vilevile. Barabara ya kutoka getini kuelekea Serengeti ilikuwa ya vumbi, imekunjamana kama bati, na Landrova zetu zilikuwa na springi za chuma kisicho na huruma. Kila dereva alikuwa anavaa mkanda mpana wa ngozi kiunoni na kila dereva alikuwa anaugua. Tulikuwa tunachuana migongo wenyewe kwa wenyewe kama wanamasumbwi. Masika yale, tukitoka Ndutu, gari langu lilizama kwenye tope jeusi. Nikashuka, nikaweka bega nyuma pamoja na dereva mwingine, tukahesabu, tukasukuma. Gari lilitoka. Mimi nilibaki nimeinama, kwa sababu kitu kiliachia kiunoni, pale chini kabisa, na maumivu yakashuka mguu wa kushoto mpaka kwenye kidole. Wageni walipiga makofi wakidhani nawainamia kwa heshima.

Zahanati ya Dokta Elifasi ilikuwa ya kwake mwenyewe, nyumba ya bati la kijani yenye baraza na mabenchi, na kwa haki yake niseme ilikuwa safi. Hakuwa daktari wa kusomea miaka mingi. Alikuwa tabibu, lakini Karatu nzima ilimwita dokta, na yeye hakuwahi kumrekebisha mtu. Alikuwa mcheshi. Alinipiga bega akaniuliza, "Kampuni gani?" nikamwambia, akasema, "Aa, hao magari yao ni mikokoteni." Hakunivua shati. Hakuniinua mguu. Akaandika sindano ya maumivu, nesi akanichoma, nikatoka nje najiona mzima. Tarimo alinipokea barazani akasema, "Umeona? Mgongo wa dereva. Ungekuwa hauumi ningekushtaki kwa kutokufanya kazi." Nikarudi barabarani.

Ilipofika Juni mambo yalibadilika, tena kwa haraka. Siku moja nilirudi kutoka kreta, nikakaa kwenye kigoda changu nimenye viazi, nikagundua sikisikii kigoda. Namaanisha hivyo hivyo nilivyosema. Nilijua nimekaa kwa sababu macho yaliniambia, lakini sehemu yote ile inayogusa kiti, na mapaja kwa ndani, na kule mbele ambako mwanamume hapendi kukutaja, palikuwa pamekufa ganzi kama shavu baada ya kung'olewa jino. Nilijibana kwa kucha. Kimya. Sikumwambia Tarimo. Sikumwambia Paulina, ningemwambiaje? Sisi Wairaqw hatuanzi mazungumzo kutokea huko, na mchumba ambaye bado hujamwoa ndiye mtu wa mwisho wa kusikia kwamba huko chini hakuna mtu nyumbani. Lakini asubuhi iliyofuata mkojo ulikataa kutoka, nilisimama chooni mpaka miguu ikatetemeka, na kwa hilo nilikwenda kwa dokta, nikalisema.

Nalirudia, kwa sababu ndilo jambo lililobishaniwa mji mzima baadaye. Nililisema. Nesi alikuwepo, msichana wa kwaya moja na Paulina, anapanga chupa kabatini na kujifanya hasikii. Nilisema, "Dokta, mguu umekuwa mzito, halafu mkojo hautoki tangu jana." Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeona jambo analolijua. "Nyinyi madereva!" akasema. "Hamnywi maji halafu mnakuja kunishtakia mkojo. Utoke wapi? Nenda kanywe maji lita tatu leo, utakojoa mpaka ujichukie." Nesi naye akacheka. Hata mimi nikacheka, Mungu wangu, nikacheka nao, kwa sababu ilikuwa kweli, hatunywi maji, na aibu ya lile jingine, la ganzi, ikapata mahali pa kujificha. Angeniuliza swali moja zaidi ningemjibu. Alikuwa ameshaita mgonjwa mwingine.

Basi nikanywa. Huo ndio ujinga ambao hata leo nikiukumbuka mwili unanisisimka. Mtu ambaye mlango wa kutokea maji umefungwa alipewa maji kama dawa, naye akayanywa kwa utii, bilauri baada ya bilauri, Paulina akinimiminia na kunisifu. "Kunywa, baba, kunywa yote." Ilipofika jioni tumbo lilikuwa gumu kama ngoma, nami sikuhisi haja, nilihisi uzito tu. Kesho yake, Ijumaa, mguu wa kulia nao ukanisaliti mlangoni, nikaanguka na ndoo. Majirani wakanirudisha zahanati kwa bajaji ya kubebea matofali. Dokta hakuwepo, alikuwa na harusi ya mpwa wake kwao Marangu. Nesi alimpigia simu. Nilikuwa nimelazwa nyuma ya pazia la maua, ukuta wa mbao tu kati yetu, nikasikia sauti yake nesi: "Ndiyo dokta... yule dereva... hapana, amekunywa... miguu, anasema haina nguvu." Kisha, "Sawa dokta. Dripu. Mpaka Jumatatu. Sawa." Akaja akanining'inizia dripu. Maji mengine.

Mtu akiniuliza maisha yangu yaliishia wapi, siyaoni kwenye tope la Ndutu. Nayaona kwenye kitanda kile, Ijumaa hadi Jumapili, ukuta umepakwa rangi ya samawati mpaka nusu, kalenda ya duka la dawa, na harufu ya ugali wa mgonjwa wa jirani. Baadaye niliambiwa kwamba siku zile zile ndizo zilizokuwa na thamani. Mifupa ya mgongo ina visahani laini katikati; kimoja changu kilikuwa kimepasuka na kutoka nje, kimelala juu ya kile kifungu cha mishipa ya fahamu kinachoshuka kwenda kwenye miguu, kibofu na sehemu za uzazi. Mishipa hiyo hubanwa, husubiri kidogo, kisha hufa. Hailii wala haitoki damu. Niliwaona watu waliovunjika mguu wakikimbizwa hospitali kwa mayowe, mimi nilikuwa nakufa nusu mtu huku nikila uji na kutaniana na wageni wa wodi. Jumapili mchana Tarimo alirudi kutoka safari, akaja na ndizi, akafunua shuka ili anikande miguu. Akaniona nimelowa. Mkojo ulikuwa unajimwagikia wenyewe, kidogo kidogo, nami sijui. Hakutania. Alisema, "Mdogo wangu, huu si mgongo wa dereva." Akatoa dripu kwa mkono wake mwenyewe, nesi akipiga kelele kwamba dokta hajaruhusu, akanibeba mgongoni mpaka kwenye gari la kampuni, ambalo hakuwa na ruhusa nalo, na tukateremka Rhotia, tukapita Mto wa Mbu bila kununua hata ndizi nyekundu, mpaka mjini Arusha na mbele yake, kwenye hospitali ya rufaa.

Pale alinipokea daktari wa mifupa, mwanamke mfupi mwenye miwani, sauti ya chini. Hakuniuliza kampuni gani. Alivuta kiti akakaa nilipo, akauliza, "Baba, ukikaa, unakisikia kiti?" Nilimtazama, nikaanza kulia. Si kwa maumivu. Nililia kwa sababu swali lilikuwa rahisi kiasi kile, mtoto angeweza kuliuliza. Wakanitia mpira wa mkojo, mfuko ukajaa, wakaleta mwingine. Wakanipiga picha kwenye ile mashine ya bomba, wakanipasua usiku uleule. Siku chache baadaye alipita na wanafunzi, na akidhani nimelala aliwaambia kwa Kiswahili cha taratibu, kwa sababu mmoja wao alikuwa anaandika: "Upasuaji umekwenda vizuri. Lakini tulimpata amechelewa. Miguu inaweza ikarudi kiasi. Hayo mengine msimwahidi." Nilikuwa macho. Neno "hayo mengine" lilikaa nami chini ya blanketi, mpaka leo halijahama.

Nilirudi Karatu Septemba, kwa magongo, na mpira. Ngano ilikuwa imeshavunwa. Tarimo, ambaye alikuwa amefukuzwa kazi kwa sababu ya lile gari na tayari amepata nyingine, alikuwa amekwenda zahanati akasimama barazani mbele ya wagonjwa na kumpigia kelele dokta: "Ulimuuliza kama anakisikia kiti? Ulimuuliza?" Dokta, wanasema, alivua miwani akaifuta, akajibu neno moja. "Hakusema." Likawa hilo. Mji ulilichukua, ukalitafuna, ukalimeza. Emanueli hakusema. Sokoni, kanisani, gereji: si unajua wanaume wetu, wanaficha, hakusema. Mwinjilisti alilitumia kwenye mahubiri kuhusu kuficha dhambi. Nilipojaribu kueleza kwamba lile la mkojo nililisema na nikachekwa, watu walinitazama kwa huruma ile wanayompa mtu anayetafuta mchawi. Nesi alikuwa amehamia Mbulu. Nani angebishana na dokta aliyezalisha nusu ya watoto wa mji kwa niaba ya dereva asiyeweza kushika mkojo?

Paulina hakunikimbia, nisimsingizie. Alikuja kila jioni baada ya kazi, mikono yake ikinuka mvuke na wanga wa pasi, anamwaga mfuko, anasuuza, anauanika nyuma ya nyumba chini ya kanga ili majirani wasione. Ilikuwa Novemba. Shangazi yake alikuja kutoka Buger na maziwa ya mgando, akanisalimia vizuri, akakaa, kisha wakatoka nje wawili. Dirisha langu, nimeshasema, halikufunga. Shangazi alisema, "Mwanangu, miguu si neno. Mume bila miguu ni mume. Nakuuliza lile jingine." Paulina akaanza kukung'uta kanga iliyoanikwa. "Nakuuliza, hujui au hakuna?" Nikasikia Paulina akisema, kwa sauti ndogo sana, "Hakuna, shangazi." Wiki iliyofuata alikuja mapema, akapika makande, yakaiva vizuri mno, akakaa mkabala nami akala pamoja nami. Kisha akaniambia, "Ema, nakupenda, lakini nimeanza kukuonea huruma kuliko ninavyokupenda. Sitaki uje uniangalie nikiwa hivyo." Nilimwambia aende. Sikuwa shujaa, nililia kabla hajafika barabarani, na alisikia, nami nilitaka asikie. Blanketi la shangazi lilirudishwa na mtu wa bodaboda, limekunjwa vizuri. Aliolewa Babati. Ana watoto wanne, nasikia.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyokwisha, na kusema kweli hivyo ndivyo ninavyoendelea. Watu hupenda kusikia kwamba baada ya hapo nilipata nguvu mpya. Nilipata duka la vipuri. Nilijifunza kutembea kwa magongo, kujitia mpira mwenyewe, kupima maji ninayokunywa kama mhazini mchoyo. Na mji ni mdogo. Dokta Elifasi nami tulikutana kila Jumapili ya Mungu, yeye benchi la mbele, mimi la nyuma karibu na mlango kwa sababu ya choo. Akitoka alinipa mkono. "Emanueli, mgongo unaendeleaje?" "Naendelea, dokta." "Mungu ni mwema." Akapita. Mara moja, miaka mingi iliyopita, alisimama kidogo kuliko kawaida, akafungua kinywa, nikajua ndiyo sasa. Akasema mvua zimechelewa.

Wachaga kama dokta huzikwa kwao, kwa hiyo Karatu tulipata siku moja tu ya msiba kabla mwili haujasafirishwa. Tarimo, mzee sasa, mvi kichwa kizima, alinipeleka kwa gari lake. "Unakwenda kufanya nini?" aliniuliza. Nikamwambia sijui. Turubai lilikuwa limefungwa, viti vya plastiki vya kukodi, sufuria za pilau zikifuka nyuma ya nyumba. Mama Neema, mjane wake, aliyeolewa hapa miaka mingi baada ya yale yaliyonipata, alikuwa ndani kwenye godoro na wanawake wenzake. Nilipoingia kumpa mkono wa pole waliona magongo, wakaniletea kiti karibu naye. Wanawake walikuwa katika ile hali ya matanga, machozi na vicheko pamoja, wakimsimulia marehemu. Mmoja alisema dokta alimwokoa kaka yake. Mama Neema akatabasamu, akasema, "Na lile swali lake, mnalikumbuka?" Wote wakaangua kicheko. Akanigeukia mimi, maana nilikuwa mgeni wa mazungumzo. "Baba, mume wangu alikuwa na kichaa chake. Mtu akitaja mgongo tu, hata harusini, hata kwenye foleni ya benki, atamuuliza mbele za watu: ukikaa, unakisikia kiti? Unakojoa? Na akisitasita, anampakia kwenye gari letu wenyewe, saa hiyo hiyo, mpaka hospitali ya rufaa. Mara ngapi nimegombana naye kwa ajili ya petroli! Lakini watu wanatembea leo."

Tarimo, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya pilau, aliacha kutafuna. Nikauliza, na sauti ilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea, "Alijifunza wapi, mama, kuuliza hivyo?"

"Nilimuuliza siku moja," akasema. "Akaniambia kuna kijana aliwahi kuja akamwambia, yeye hakumsikiliza, akamcheka." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nikamwambia, mume wangu, si umtafute umwombe radhi? Akasema haiwezekani. Alisema kijana yule alikufa."

Wanawake wakaguna. Mmoja akasema masikini, Mungu amlaze pema. Niliwaona wote wananitazama wakingoja nami niseme kitu, kama inavyopasa msibani, nikasema, "Amina."

Mama Neema aliona jinsi nilivyokaa upande, nimeegemea magongo. Alikuwa mwanamke mwenye adabu, hata siku ile. Akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, kiti hicho hakikuumizi? Tukuletee mto?"

"Hakiniumizi, mama," nikamwambia. "Hakiniumizi kabisa."